Majina ya Watoto kwenye Mifuko ya Karanga

Ninyi mnaoingia sasa kwenye vyumba vya kompyuta vya shule mkiwa na vyeti vya chuo, tusikilizane kidogo. Cheti changu mimi ni cha darasa la saba. Nilikipata Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu waliishi ukimbizini kabla hatujarudi Rwanda. Katika shule moja ya sekondari hapa Kagarama, Kigali, niliajiriwa nifagie, na nilistaafu nikiwa mtu wa kutengeneza kadi za wanafunzi wote na kutunza picha zao, namba zao na maneno yao ya siri. Wanafunzi waliniita Mama Kadi. Jina langu ni Veneranda, lakini nadhani hata Direkta, mkuu wa shule, alilisahau.

Sitawafundisha kompyuta. Hiyo mnaijua kunishinda, na kila mwaka inabadilika. Nitawaeleza mambo niliyoyajua kwa kukosea. Kosa langu moja lilikaribia kumfukuzisha shule msichana asiye na hatia, muhula wa mtihani wa taifa. Nitalifikia.

Niliingia kazi hii kwa kitambaa cha vumbi. Mwalimu wa kompyuta alikuwa Mkenya wa Bungoma, Mwalimu Wafula, mtu mrefu aliyekataza chakula ndani ya chumba chake huku yeye mwenyewe akitafuna mahindi ya kuchemsha juu ya kibodi. Siku moja alinikuta nimesimama mbele ya kioo cha mashine muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.

"Mama, unapangusa au unasoma?"

Nilikuwa na haya sana ujanani, na haya hiyo haikuisha nilipoanza kazi. Nilijibu nikitazama ndoo. "Nasoma kidogo."

"Basi kaa hapa. Kufagia kutangoja."

Alikuwa anahitaji mtu wa kuandika majina ya kadi za wanafunzi. Aliyekuwepo kabla yangu alikuwa na kasi ya ajabu, na kila ukurasa wake ulikuwa na watoto watatu wasiokuwepo duniani. Majina yetu mnayajua. Ni marefu, na ukiacha herufi moja umemtaja mtu mwingine. Mimi niliandika kwa kidole kimoja, nikisoma kila herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha kwenye kioo, kisha tena kwenye cheti.

"Mama Kadi," Wafula alisema wiki ya pili, "wewe unaenda kama trekta. Lakini shamba linalimika."

Hilo liwe la kwanza. Kabla ya kumlinda mtoto kwenye kompyuta, hakikisha umemwandika sawasawa. Programu yetu ya kwanza ilitengenezwa na watu ambao kwao baba na watoto hutumia jina moja. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu wanne wa tumbo moja, majina manne. Programu iliuliza jina la ukoo. Mimi niliandika la baba, karani wa ofisini akaandika la ubatizo, na mwisho wa mwaka tulikuwa na wanafunzi hewa ambao alama zao zilikuwa za kweli. Wafula alitumia likizo nzima kuwaondoa, na mahindi mengi.

La pili ni la watu wanaopiga simu. Atapiga mwanamume mwenye sauti nzito, aseme, "Mimi ni mjomba wake, mtoto anaumwa, nipe namba yake na neno la siri tuone matokeo." Msomi anayepigiwa simu hiyo hubishana, na katika kubishana hutoa nusu ya habari. Kwa mfano atasema, "Lakini huyo yuko bweni, hawezi kuwa nyumbani." Hapo umeshamwambia mgeni mtoto analala wapi. Mimi nilijibu hivi: "Mzee wangu, mimi ni mfagiaji, sijui kitu. Njoo na kitambulisho chako umwone Direkta." Wengi hawakuja. Aliyekuja alikuwa mjomba wa kweli, na alinishukuru. Msione aibu kuonekana hamjui. Katika kazi hii ni silaha.

Sasa maneno ya siri. Mwanzoni Wafula aliiachia mashine iyatengeneze yenyewe, herufi na tarakimu zisizo na maana. Watoto waliyasahau kabla ya kufika bwenini. Kila Jumatatu asubuhi palikuwa na foleni mlangoni kwangu, na kila aliyekuwa kwenye foleni alikuwa amekosa kipindi. Nikawaonea huruma. Bila kumwuliza mtu, mwaka uliofuata kila mtoto nilimwekea tarehe yake ya kuzaliwa. Foleni ikaisha, nami nikajiona nimegundua dawa.

Mnajua kwamba watoto wengi waliozaliwa kambini, Kongo na kwingineko, waliandikishwa baadaye, na karani aliyechoka aliwapa wote Januari mosi. Katika kidato kimoja nilikuwa nao wengi, baadhi yao wa mwaka mmoja. Kijana mmoja akakosea tarakimu ya mwisho ya namba yake, akaweka tarehe yake, mlango ukafunguka. Alikuta alama za mwingine, nzuri kuliko zake. Hakulalamika. Aliyelalamika ni mwenye alama nzuri, ambaye wiki ile alikuta picha yake imebadilishwa ikawa ya mbuzi.

Wafula aliniita. "Mama Kadi, umefunga nyumba ishirini kwa ufunguo mmoja."

"Nilitaka wasisahau."

"Hawakusahau. Hata majirani hawakusahau."

Aliniagiza nibadilishe yote. Nilibadilisha ya watoto wa Januari mosi tu. Wengine niliwaachia tarehe zao, nikisema moyoni kwamba tarehe zao zinatofautiana, na kwamba watazibadilisha wenyewe kama walivyoelekezwa. Hiyo haikuwa kazi iliyomalizika. Nilijua, lakini niliogopa foleni.

Sasa nije kwenye karatasi.

Kwetu mfuko wa plastiki ni kosa kisheria, na kila kitu hufungwa kwa karatasi: mkate, maharage, hata mayai. Jirani yangu, Mama Sifa, mwanamke wa Bukavu mwenye Kiswahili cha Kongo, aliishi kwa kukunja mifuko midogo ya karatasi na kuwauzia wauza karanga, wengine wa stendi ya Nyabugogo, wengine wa kwenye mageti ya shule. Gundi aliipika kwa unga wa muhogo. Karatasi ilikuwa tabu kupatikana. Mimi ofisini nilikuwa na mashine ya kuchapa iliyokuwa na tabia ya kumeza ukurasa na kuutema umepinda, nami nikalazimika kuchapa upya. Karatasi zilizoharibika zilikuwa safi upande mmoja. Nilizaliwa nyumba ambayo karatasi ya sukari iliandikiwa barua. Kutupa karatasi kama hiyo niliona dhambi. Nikawa nampelekea Mama Sifa kila wiki, naye kila wiki akanipa mfuko wa karanga, na sote wawili tulijisikia watu wema.

Mwaka ule, katika kidato cha tatu, alikuwepo msichana nitakayemwita Ange, mtoto wa mkulima wa Ndera. Alilala bwenini. Sauti yake nilikuwa sijaisikia zaidi ya mara mbili. Kidato cha tatu mnakijua: ni mwaka wa mtihani wa taifa, na mtoto akifukuzwa muhula wa mwisho anaweza kupoteza mwaka mzima. Kwa msichana wa kwao Ange, mwaka ukipotea mara nyingi na shule inakuwa imekwisha.

Jumapili moja mchana, kutoka akaunti ya Ange, ukatumwa ujumbe kwa walimu wote na kidato kizima. Ulisema mwalimu wa fizikia huja darasani amelewa, na kwamba mke wake amemkimbia. La kwanza lilikuwa uongo. La pili lilikuwa kweli, na ndilo lililouma. Mwalimu yule hakutokea Jumatatu.

Kamati ya nidhamu ilikaa Jumanne: Direkta, mwalimu wa nidhamu, Wafula, na mama mmoja aliyewakilisha wazazi. Mimi niliitwa nichape ujumbe uwe ushahidi. Nikauchapa, nikawagawia, nikasimama ukutani nikingoja kuambiwa nitoke. Hawakuniambia. Nadhani hawakuniona.

"Neno lako la siri analijua nani?" Direkta alimwuliza.

"Mimi tu."

"Ulimwambia rafiki?"

"Hapana, Direkta."

"Basi ni wewe."

"Si mimi."

Mwalimu wa nidhamu aliinama mbele. "Ujumbe umetoka kwenye simu. Simu bwenini ni marufuku. Kwa hiyo tuna makosa mawili. Simu umeificha wapi, mtoto?"

"Sina simu."

"Ange," Direkta alisema, na hakuwa na ukali, "hapa pana mawili. Ama ulimpa mtu neno lako, ama ni wewe. Ukituambia ni nani, tutakusaidia."

"Siwezi kumtaja mtu ambaye hayupo," alisema. Hakulia. Direkta na mwalimu wa nidhamu waliona hiyo ni jeuri. Wakaamua mama yake aitwe Ijumaa, na kwamba asipokuwa na la kueleza, ataondoka naye.

Nje ya mlango Wafula alinishika mkono. "Kuna kitu hakiniingii akilini. Nimeangalia. Aliyeingia hakubahatisha. Namba sawa, neno sawa, mara moja. Na ni lile neno la kwanza ulilowapa. Huyu msichana hakuwahi kulibadilisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu alilisoma mahali. Orodha ile uliichapa ngapi?"

"Moja," nikasema. "Iko kabatini, imefungwa."

Nilisema hivyo kwa moyo safi. Nilikuwa nimeshuka nusu ya ngazi nilipokumbuka kwamba siku ile mashine ilimeza kurasa, na kwamba orodha iliyo kabatini ilikuwa ya pili.

Jioni ile sikupitia nyumbani. Nilimkuta Mama Sifa anakunja.

"Mama Sifa, zile karatasi za mwanzo wa muhula ziko wapi?"

"Zilishafunga karanga."

"Zote?"

"Angalia chini ya kitanda. Zile zenye kuandikwa sana wateja hawazipendi. Wanataka nyeupe."

Nikavuta boksi. Mifuko ilikuwa imekunjwa, imegandishwa, imepangwa vizuri. Nikaanza kuibandua mmoja mmoja kwa kisu. Alinitazama kwa muda.

"Unatafuta pesa humo?"

"Natafuta majina."

"Majina iko mengi," alisema, akaendelea kukunja.

Ndani ya mifuko, upande ambao karanga hugusa, palikuwa na maandishi yangu. Jina kamili, darasa, namba ya mwanafunzi, tarehe, neno la siri, simu ya mzazi. Nilipata karibu nusu ya kidato cha tatu. Ukurasa wa Ange haukuwemo.

"Mifuko mingine ulimwuzia nani?"

"Yule mama anayeuza getini kwenu. Watoto wa kutwa banamumalizia karanga kila siku."

Nilimweleza kilichotokea. Mama Sifa aliweka chini kipande alichokuwa anakunja, akakigeuza, akakitazama upande wa maandishi. Tangu nimjue, sikuwahi kumwona anageuza karatasi.

Asubuhi nilimwonyesha Wafula. Alisoma mifuko mitatu, akasukuma mahindi yake pembeni.

"Ukisema, wanaweza kukutoa kazini," alisema mwishowe. "Ukinyamaza, wanamtoa yeye. Naweza kusema mfumo uliingiliwa kutoka nje. Hakuna atakayeelewa, na hakuna atakayeuliza."

"Direkta atauliza."

"Atauliza."

"Na Ange atabaki yule msichana ambaye huenda ni yeye."

"Hilo pia ni kweli. Mimi siwezi kukuchagulia, Mama Kadi."

Nilikuwa na watoto wawili shuleni na kodi ya nyumba. Sikuwa na cheti cha kunipatia kazi nyingine ya kukaa kwenye kiti. Na zaidi ya hayo, nawaambia ukweli, kilichonitisha kuliko kupoteza kazi ni kusimama mbele ya watu na kusema. Maisha yangu yote nilikuwa nimepanga nisije kufanya hivyo.

Ijumaa mama yake Ange alifika mapema. Alivaa kitenge kilichopigwa pasi, na viatu vyake vilikuwa vimefutwa udongo wa Ndera pembeni tu. Alikaa karibu na binti yake bila kumwangalia. Direkta alipomaliza kusoma mashtaka, nilitoka ukutani nikamwaga mifuko yangu mezani.

"Mama Kadi ametuletea karanga," mwalimu wa nidhamu alisema. Mtu akacheka.

"Nimeleta mifuko yake," nikasema. "Mwalimu, soma hapo ndani."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Alichukua mfuko, akaukunjua, akasoma kwa sauti, jina, darasa, namba, tarehe. Akachukua wa pili. Alipokuwa anasoma wa tatu, yule mama mwakilishi wa wazazi alinyoosha mkono.

"Huyo ni mwanangu," alisema. "Na hiyo ni simu yangu."

Hakuna aliyecheka tena. Aliushika mfuko, akaunusa, sijui kwa nini. Ulikuwa unanuka karanga.

"Jina la Ange liko wapi hapa?" Direkta aliuliza.

"Halimo. La Ange lilishauzwa."

"Karatasi hizi nani alizitoa ofisini?"

"Mimi. Na tarehe ya kuzaliwa kuwa neno la siri ni mimi. Mwalimu Wafula aliniagiza nibadilishe, sikumaliza. Mtoto huyu hakumwambia mtu neno lake. Mimi ndiye niliyeliuza, kwa karanga."

Nikakaa, bila kuambiwa, kwenye kiti kitupu kando ya mama yake Ange. Direkta alizigusa karatasi moja moja kwa ncha ya kalamu. Mwalimu wa nidhamu alisema bado hatujui kama si yeye. Wafula akamjibu kwamba kwa mifuko hiyo, yeyote aliyenunua karanga getini angeweza kuwa Ange, na hata mwalimu wa nidhamu mwenyewe, kwa maana alimwona ananunua juzi.

Direkta akasema, "Mtoto arudi darasani."

Hakumwomba radhi. Mama yake alisimama, akaniangalia, kisha akamtengeneza binti yake kola ya shati na kuondoka kuwahi basi. Ujumbe ule alituma nani, hadi leo sijui. Kuna jina lilinong'onwa, lakini mimi na majina tumeshakoseana vya kutosha.

Nilipata barua ya onyo, na muhula uliofuata nilirudi kwenye ufagio. Niliporudishiwa kadi, nilirudi na masharti yangu mwenyewe, ambayo ndiyo ninayowaachia. Karatasi yenye jina la mtoto haitoki ofisini, hata ikiwa imeharibika. Usiichane vipande, watu wana subira, wataiunga. Iloweke kwenye pipa la maji siku mbili, iponde kwa mchi mpaka iwe uji, changanya na vumbi la mkaa, finyanga matonge, anika. Jikoni watakushukuru, maharage yetu yaliivia kwa alama za fizikia miaka mingi. Mama Sifa alininunia mwezi mzima. "Sasa batoto bangu batakula nini, Veneranda?" Tukampatia mifuko mitupu ya saruji kutoka kwa mafundi, na kumbe wauza karanga waliipenda zaidi, haipasuki.

Neno la kwanza la siri lisiwe kitu ambacho shangazi yake mtoto anakijua. Mpe kila mmoja lake, mkononi, na mashine isimfungulie chochote kabla hajalibadilisha. Foleni itakuwepo. Ivumilieni.

Na msiseme kwamba siku hizi hamchapi. Naona walimu wanavyopiga picha orodha kwa simu na kuitupa kwenye kundi la wazazi, majina, namba na picha za watoto, ili mzazi mmoja aliyeuliza apate jibu. Wazazi mia wanaiona, na kila mmoja ana mjomba. Huo nao ni mfuko wa karanga.

Kabla sijashika ufagio, Direkta aliniachia wiki moja nisimamie shule nzima kubadilisha maneno ya siri. Ange alifika Jumatatu, kwenye foleni, akiwa na daftari la fizikia kwapani. Mwalimu alikuwa amerudi kufundisha. Nilimfungulia ukurasa, nikamwekea kiti, nikabaki nimesimama nyuma yake kama nilivyosimama nyuma ya watoto wote, tayari kumsaidia akikwama.

Hakuandika. Alingoja.

"Mama Kadi," alisema, "geukia ukutani."

"Mimi ndiye ninayeyatunza maneno haya, mwanangu."

"Najua. Geuka tu."

Nikageuka. Nilisikia vidole vyake, taratibu, neno refu, akalirudia mara ya pili kama mashine inavyotaka. Kisha kiti kikasogea, akasema amemaliza, akamwita anayefuata.